Mafunzo ya wazazi wa watoto wenye usonji

Mafunzo ya wazazi wa watoto wenye usonji ni mafunzo wanayopewa wazazi au walezi wa watoto wadogo wenye usonji, hasa walio chini ya umri wa kwenda shule, ili wakuze mawasiliano ya watoto hao katika shughuli za kila siku nyumbani. Tofauti yake na tiba nyingi za usemi ni kwamba mtaalamu hamfundishi mtoto moja kwa moja. Humfundisha mzazi, na mzazi ndiye anayefanya kazi na mtoto wakati wa kula, kuoga, kuvaa na kucheza.

Neno mawasiliano hapa lina maana pana kuliko kusema. Linahusu pia kutazama, kunyosha kidole, kumpa mtu kitu, kuvuta mkono, kutikisa kichwa na kutumia picha. Mtoto asiyesema kabisa anaweza kunufaika na mafunzo haya sawa na yule mwenye maneno.

Usonji na mawasiliano

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni na kuendelea maishani. Hauambukizi wala hautokani na malezi mabaya. Hali hii hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto: wengine hufika umri wa shule bila neno hata moja, na wengine husema mengi lakini kwa kurudia waliyoyasikia. Mtoto aliyeulizwa "Unataka chai?" anaweza kujibu "Unataka chai?" akimaanisha kwamba anaitaka. Kurudia huko huitwa ekolalia. Watu wazima wengi hukuchukulia kuwa ni ujeuri au mzaha, kumbe mara nyingi ndiyo njia ya mtoto ya kuwasiliana.

Ugumu huanza kabla ya maneno. Mtoto asiye na usonji, kabla hajatimiza mwaka mmoja na nusu, kwa kawaida huweza kumwonyesha mama yake ndege kwa kidole, kisha akamtazama mama usoni ili ajue kama naye amemwona. Wataalamu huita jambo hilo umakini wa pamoja: watu wawili wanaangalia kitu kimoja na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anakiangalia. Maneno mengi ya kwanza hujifunzwa katika nafasi hiyo, kwa kuwa mama husema "ndege" wakati uleule mtoto anapomwangalia ndege.

Kwa mtoto mwenye usonji nafasi hizo ni chache na ishara zake ni hafifu. Anaweza kuuvuta mkono wa mtu mpaka kwenye kabati bila kumtazama usoni, au kutoa sauti fulani kila anapotaka kutoka nje. Mzazi hupitwa na ishara za namna hiyo kwa urahisi, kwa sababu hazifanani na zile alizozizoea kwa watoto wake wengine.

Historia

Kuwashirikisha wazazi katika tiba ya usonji ni jambo ambalo leo linaonekana la kawaida. Miaka sitini au sabini iliyopita mambo yalikuwa kinyume kabisa, maana wazazi ndio waliohesabiwa kuwa chanzo cha tatizo.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo yake ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943. Katika makala ya mwaka 1949 aliwaeleza wazazi wa watoto aliowaona kuwa watu baridi wasioonyesha upendo, akawafananisha watoto hao na vitu vilivyowekwa ndani ya friji. Fananisho hilo lilizaa usemi wa "mama friji". Aliyelieneza zaidi wazo la kulaumu wazazi ni Bruno Bettelheim, mkuu wa shule maalumu ya Chuo Kikuu cha Chicago, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1967, The Empty Fortress. Kwa mtazamo huo dawa ilikuwa kumtenga mtoto na mama yake, na mama mwenyewe kutibiwa nafsi. Akina mama wengi walibeba lawama hiyo miaka mingi juu ya mzigo waliokuwa nao tayari.

Waliovunja wazo hilo, kwa sehemu kubwa, ni wazazi wenyewe. Mwaka 1962 wazazi wa Uingereza, akiwemo Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa na binti mwenye usonji, walianzisha chama ambacho sasa kinaitwa National Autistic Society. Nchini Marekani, Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto wa kiume mwenye usonji, alitoa mwaka 1964 kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo cha hali hiyo ni cha kimwili. Mwaka 1969 Kanner mwenyewe alisimama mbele ya mkutano wa wazazi nchini Marekani akatamka kwamba hawana hatia.

Eric Schopler, aliyesoma Chicago na kuyakataa mafundisho ya Bettelheim, alikwenda hatua moja mbele. Akiwa Chuo Kikuu cha North Carolina pamoja na Robert Reichler, aliwaweka wazazi nyuma ya kioo cha upande mmoja wamtazame mtaalamu akifanya kazi na mtoto wao, kisha wakajaribu wenyewe huku mtaalamu akitazama. Mwaka 1971 walichapisha makala iliyowaita wazazi watibabu wenza. Mwaka uliofuata jimbo la North Carolina liliufanya utaratibu huo kuwa huduma ya umma iitwayo TEACCH.

Ushahidi mwingine ulitoka California. Mwaka 1973 Ivar Lovaas na wenzake waliripoti hali ya watoto 20 baada ya tiba ya tabia kumalizika. Watoto waliorudi kwa wazazi waliofundishwa walidumisha walichojifunza, ilhali wale waliopelekwa kwenye taasisi walikipoteza. Tiba ya Lovaas ya siku zile ilitumia pia adhabu za maumivu, jambo linalolaaniwa leo, lakini matokeo hayo kuhusu wazazi hayakusahauliwa.

Mwaka 1975 Ayala Manolson, mtaalamu wa lugha na usemi, alianzisha huko Montreal, Kanada, mafunzo ya vikundi kwa wazazi wa watoto waliochelewa kusema. Ndiyo asili ya Hanen Centre, ambayo mwaka 1999 ilitoa kitabu cha Fern Sussman kiitwacho More Than Words kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye usonji.

Wazo la msingi

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuwa msingi wa mafunzo ya sasa ni wa Michael Siller na Marian Sigman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 2002. Walitazama picha za video za wazazi wakicheza na watoto wao, wakahesabu ni mara ngapi mzazi alizungumzia au kugusa kitu kilekile ambacho mtoto alikuwa anakishughulikia tayari. Kisha wakafuatilia lugha ya watoto hao kwa miaka mingi.

Waligundua mambo mawili, na yote mawili yana uzito. La kwanza, watoto wenye usonji ambao wazazi wao walikwenda sambamba nao zaidi walikuwa na mawasiliano bora baadaye. La pili, wazazi wa watoto wenye usonji hawakuwa nyuma ya wazazi wengine: walikwenda sambamba na watoto wao kwa kiasi kilekile cha wazazi wa watoto wasio na usonji. Hivyo mafunzo haya hayakusudiwi kusahihisha malezi yenye kasoro. Malezi ya kawaida yanamtosha mtoto anayetoa ishara nyingi na zilizo wazi. Mtoto anayetoa ishara chache anahitaji mtu mwenye jicho kali kuliko kawaida, na ujuzi huo mtu hazaliwi nao.

Jinsi mafunzo yanavyofanyika

Aina za mafunzo ni nyingi, ila iliyochunguzwa kwa kina zaidi ni PACT ya Uingereza. Mbegu yake ni jaribio dogo la watoto 28 lililochapishwa mwaka 2004 na Catherine Aldred, Jonathan Green na Catherine Adams.

Katika PACT mzazi na mtoto hucheza pamoja kwa dakika kama kumi huku wakirekodiwa kwa video. Kisha mzazi na mtaalamu hukaa kuitazama. Mtaalamu hatafuti makosa. Husimamisha picha pale ambapo jambo limekwenda vizuri, hata kama ni la sekunde mbili tu, na kumwuliza mzazi ameona nini: mtoto alifanya nini kabla ya hapo, wewe ukafanya nini, yeye akajibuje? Mzazi hujifunza kwa kujiona akifaulu. Baadaye hufanya mazoezi nyumbani kwa nusu saa hivi kila siku.

Hatua ni sita. Ya kwanza ni kupata umakini wa pamoja na ya pili ni kuitikia kwa kwenda sambamba na mtoto. Hizo mbili ndizo nguzo, na mzazi anaweza kukaa hapo majuma mengi. Zinazofuata ni kurekebisha lugha ya mzazi ilingane na uwezo wa mtoto, kujenga michezo yenye mpangilio unaojirudia ili mtoto atazamie kitakachofuata, kuongeza sababu za kuwasiliana (kuomba, kukataa, kuonyesha, kuuliza), na mwishowe kupanua mazungumzo.

Mfano unaweza kusaidia. Mtoto amekaa mkekani akipanga vizibo vya soda mstari mmoja. Mtu mzima mwenye nia njema humwita: "Hebu acha hivyo, njoo tusome! Hii rangi gani? Sema nyekundu! Sema!" Mtoto hageuki. Mzazi aliyefundishwa huketi chini mbele ya mtoto, ambapo uso wake unaweza kuonekana bila mtoto kuinua kichwa. Hungoja. Kisha huchukua kizibo kimoja na kukiweka mwishoni mwa mstari, akisema tu: "Kizibo." Mtoto akimtupia jicho, hata kwa nukta moja, mzazi hutabasamu na kuweka kingine: "Kizibo kingine." Akikishika cha tatu bila kukiweka, mtoto anaweza kunyosha mkono au kutoa sauti. Hiyo ndiyo hatua iliyokuwa ikisubiriwa: mtoto ameanzisha mawasiliano mwenyewe.

Kungoja ndiko kugumu kuliko yote. Mtoto mwenye usonji anaweza kuhitaji muda mrefu kupokea maneno na kuandaa jibu, na mtu mzima aliyezoea mazungumzo ya haraka huona ukimya wa sekunde kumi kama saa nzima. Hushindwa kuvumilia, akajaza nafasi hiyo kwa swali jingine.

Maswali na amri hupunguzwa kwa sababu humtaka mtoto aache alichokuwa anafikiri na kuingia katika mawazo ya mwingine. Badala yake mzazi hutaja kile ambacho mtoto anafanya au kuona. Mtoto akisema neno moja, mzazi hulirudia na kuongeza kidogo: "maji" hupokewa kwa "maji baridi". Kwa ekolalia, mzazi hutamka sentensi kama ambavyo mtoto angepaswa kuisema, "Nataka chai," halafu humpa chai bila kumlazimisha airudie.

Yanayothibitishwa na utafiti

Jaribio kubwa la PACT lilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Lilihusu watoto 152 wa umri wa miaka 2 hadi karibu 5 katika miji ya London, Manchester na Newcastle, waliogawanywa kwa bahati nasibu: 77 walipata PACT pamoja na huduma za kawaida, na 75 huduma za kawaida peke yake. Wazazi wa kundi la kwanza walihudhuria vipindi 18 katika mwaka mmoja.

Matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Wazazi walibadilika sana katika kuitikia, na watoto walianzisha mawasiliano na wazazi wao mara nyingi zaidi. Lakini dalili za usonji zilipopimwa na mtu mwingine mahali pengine, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo mno kuweza kutegemewa. Wapo waliohitimisha kwamba PACT imeshindwa.

Watafiti waliwatafuta tena watoto hao walipokuwa na wastani wa miaka 10 na nusu, wakawapata 121. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba tofauti ndogo ya mwanzo haikufutika. Katika kundi la PACT, watoto wenye dalili za kiwango kikali walikuwa asilimia 46; katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 63. Kabla ya mafunzo hali ilikuwa karibu sawa, asilimia 55 kwa 50. Ni nadra kwa mafunzo ya utotoni kuacha alama miaka kama sita baada ya kumalizika. Hata hivyo, hofu ya watoto na tabia zinazosumbua hazikuonyesha nafuu.

Si kila jaribio limefaulu. Toleo la PACT lililotolewa nyumbani na shuleni kwa watoto 249 wa miaka 2 hadi 11, lililoripotiwa mwaka 2022, halikupunguza dalili za usonji, ingawa uhusiano wa mazungumzo kati ya mzazi na mtoto uliboreka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyokusanya tafiti 17, yaliona ushahidi imara zaidi upande wa mwenendo wa mzazi na mtoto wanapokuwa pamoja kuliko upande wa vipimo vya lugha. Nchini Australia, kwa upande mwingine, mafunzo ya video kwa wazazi wa watoto wachanga 103 walioonyesha ishara za mapema yaliripotiwa mwaka 2021 kupunguza idadi ya waliotambuliwa kuwa na usonji walipofika miaka 3.

Nchi zenye wataalamu wachache

Mtaalamu wa lugha na usemi ni adimu katika nchi nyingi, na hapo ndipo mafunzo ya wazazi yanapopata umuhimu wa pekee. Watafiti wakiongozwa na Atif Rahman na Gauri Divan waliigeuza PACT ili itolewe na wahudumu wa afya wasio wataalamu huko Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan. Ripoti yao ya mwaka 2016, iliyohusu watoto 65, ilionyesha kwamba wahudumu hao waliweza kuifanya kazi: wazazi walikwenda sambamba na watoto zaidi, na watoto walianzisha mawasiliano zaidi. Muda wa umakini wa pamoja, kinyume na matarajio, ulipungua.

Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo yake kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshi au ulemavu wa ukuaji. Yana vipindi 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Hayadai kwanza mtoto awe na cheti cha kutambuliwa na daktari, na hilo ni jambo la maana mahali ambapo familia inaweza kungoja miaka kabla ya kusikia neno usonji. Yanagusa pia afya ya mlezi mwenyewe. Katika Afrika ya Mashariki yamerekebishwa na kufanyiwa utafiti nchini Ethiopia na Kenya.

Lawama aliyoibeba mama wa Marekani ina ndugu yake katika ukanda huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu pwani ya Kenya ulikuta wazazi na wataalamu wakitaja mapepo, uchawi na laana miongoni mwa visababishi vya usonji, sambamba na sababu za kitabibu kama matatizo ya kuzaa na maambukizi. Mkufunzi anayeanza na mbinu za mchezo kabla ya kulizungumzia hilo anaweza kukuta mzazi amekubali kwa mdomo tu, moyoni bado anajiuliza alikosea nini.

Kuna na suala la lugha. Familia nyingi za Afrika ya Mashariki hutumia lugha mbili au tatu, na wazazi hushauriwa mara kwa mara waache lugha ya nyumbani wamsemeshe mtoto Kiingereza au Kiswahili tu, eti asichanganyikiwe. Tafiti zilizofanywa kuhusu watoto wenye usonji hazijaonyesha kwamba lugha mbili huwadhuru. Aidha, ushauri huo unapingana na mafunzo yenyewe, kwa maana mzazi anayetafuta maneno katika lugha asiyoimudu hawezi kumwitikia mtoto kwa wepesi.

Mazoea ya salamu huleta ugumu wa aina nyingine. Mtoto kusukumwa mbele ya mgeni na kuambiwa "Sema shikamoo!" ni sehemu ya adabu, lakini kwa mtoto mwenye usonji ni mtihani mbele ya watu. Kumpa mgeni mkono au kugusa kichwa chake kunaweza kukubaliwa kuwa ndiyo salamu yake, endapo jamaa wameelezwa.

Mipaka na ukosoaji

Mzigo wa mazoezi huangukia zaidi akina mama, ambao mara nyingi wana watoto wengine na kazi ya kutafuta riziki. Katika nyumba za jamaa wengi, bibi au dada mkubwa huenda ndiye anayeshinda na mtoto, na mafunzo yanayomwita mama peke yake humwacha nje mtu anayehusika zaidi. Pia mtoto anayeendelea kwa shida asihesabiwe kuwa ushahidi kwamba mzazi hakufanya mazoezi, kwani hapo lawama ya zamani hurudi kwa mlango wa nyuma.

Watu wazima wenye usonji wamehoji lengo la kupunguza dalili, wakisema kwamba namna yao ya kuwa si dosari ya kufutwa. Damian Milton, mwanasosholojia Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili: kila upande hushindwa kumsoma mwenzake. Baadhi ya wakufunzi huona kwamba mafunzo yanayomtaka mtu mzima ndiye abadilike kwanza yanalingana na hoja hiyo kuliko tiba zinazomlazimisha mtoto amtazame mtu machoni.

Mafunzo ya wazazi hayachukui nafasi ya shule, uchunguzi wa masikio wala matibabu ya kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji mara nyingi kuliko wengine. Kwa mtoto ambaye maneno hayaji, picha au ishara za mikono huongezwa mapema. Hakuna ushahidi kwamba kutumia picha humzuia mtoto kusema.